Mwanagenzi Si Mfagia Karakana

Ndugu msomaji, Jumapili moja ya mwezi uliopita, kabla sijamaliza chai ya asubuhi, mdogo wangu wa kike alibisha hodi nyumbani kwangu hapa Masasi. Alikuwa ameteremka kutoka Newala kwa basi la alfajiri, mkononi ana kikapu cha makopa, na uso wake ulionyesha kwamba hakuja kusalimia tu. Kwetu sisi watu wa kusini, yaani Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba huulizwa kabla jambo zito la mtoto halijaamuliwa. Nikajua nimeletewa shauri.

"Kaka," alisema baada ya kupumzika kidogo, "nimekuja kwa ajili ya mwanao. Nataka umruhusu aache ile karakana."

Mwana mwenyewe ni mpwa wangu, kijana wa miaka 19, ambaye kwa miaka miwili sasa ni mwanagenzi katika karakana moja ya Newala inayotengeneza na kukarabati mashine za kusaga nafaka na za kubangulia korosho. Dada yangu akanipa hesabu zake zote. Kijana hupewa posho ya shilingi 3,000 kwa siku. Akila chakula cha mchana, hurudi nyumbani na shilingi 1,000, pamoja na nguo zilizojaa grisi ambazo sabuni yake humshinda mama. Mtoto wa jirani, waliomaliza shule mwaka mmoja, amepata pikipiki ya mkataba na kila jioni hupita mlangoni na unga, sukari na mafuta ya kula.

"Miaka miwili, kaka! Nikimwuliza amejifunza nini, ananiambia anafagia, anashika taa, anakimbizwa dukani kununua bolti. Je, kufagia nako kunasomewa miaka miwili?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wiki moja. Mtu aliyewahi kuwa mwanagenzi hapaswi kujibu swali hilo upesi, kwa sababu kuna kufagia kunakomfundisha mtu kazi, na kuna kufagia kunakomla mtu ujana wake bure.

Mimi mwenyewe niliingia kiwandani mwaka 1981, mara baada ya kumaliza darasa la saba. Wakati ule viwanda vya kubangua korosho vilikuwa ndiyo habari ya mji. Kwa mikopo ya nje, ikiwamo ya Benki ya Dunia, nchi yetu ilijenga viwanda 12, vingine kwa mitambo ya Italia na vingine kwa mitambo ya Japani. Kimoja kiliwekwa Masasi na viwili Newala. Kwa pamoja vilikadiriwa kuwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Mimi nilichukuliwa na kimoja cha nyanda zetu hizi. Nisikitaje, kwa kuwa nitakayosimulia si yote ya sifa.

Mwaka wangu wa kwanza nilifagia. Nilifagia maganda, nikapaka grisi minyororo, nikaosha beringi kwa mafuta ya taa na kuzipanga juu ya gunia kwa utaratibu ambao fundi aliuagiza. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Beringi ukiiosha, kidole chako huhisi pale ilipolika. Ukipanga vipande vya mashine kwa mpangilio, siku ya kuviunganisha tena hukosi mahali pa kuanzia. Kisha fundi alinipa kipande cha chuma, akakibana katika jiliwa, akanipa tupa na kuniamuru nikifanye mraba kamili. Kila jioni alikiweka skwea juu yake, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona mwanga umepenya, akanirudishia bila kusema neno. Kazi ile ilinichukua wiki tatu. Viganja vilitoka malengelenge, lakini baada ya hapo jicho langu lilijua mstari ulionyooka na uliopinda hata bila kipimo.

Kadhalika nilijifunza kuogopa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Katika kiwanda kile korosho ghafi zilichambuliwa kwa ukubwa, zikaloweshwa kidogo, kisha zikapitishwa katika birika la mafuta hayo hayo ya ganda, yenye joto la nyuzi 190 hadi 200 za Selsiasi, ili ganda likauke na livunjike kwa urahisi. Asubuhi moja niliweka mkono mahali nisipopaswa. Kovu ninalo hadi leo juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Glavu zilikuwapo, lakini zilifungiwa stoo kwa hofu ya kwamba zitachakaa.

Sasa nifike kwenye kiini cha habari. Baada ya kukaangwa na kupoa, korosho zilibebwa moja moja na mnyororo hadi katikati ya visu viwili vilivyochongwa kwa umbo la korosho yenyewe. Visu vilipaswa kuingia ndani ya ganda kadiri ya milimita moja tu. Kisha kipini cha chuma kiliingia katika ufa na kuzunguka, ganda likaachana. Visu vikiingia zaidi, korosho hukatika, na korosho iliyovunjika bei yake ni ya chini sana kuliko nzima. Visipofika, ganda halifunguki. Mafanikio ya kiwanda kizima yalining'inia kwenye milimita hiyo moja.

Fundi wangu alikuwa mtu mpole, wala hakupata kuninyanyulia mkono. Lakini kila ilipofika saa ya kurekebisha visu, alinituma maji ya kunywa, au alinigeuzia mgongo. Nilimjua mgongo wake kuliko uso. Nilikaa naye mwaka mzima na nusu nikiujua kila ufunguo wa spana katika sanduku lake, nisijue jambo lile moja ambalo ndilo lililomfanya aitwe fundi.

Mwezi Novemba 1982 fundi alishikwa na homa kali, akalazwa hospitali. Siku ya pili visu vikaanza kulegea. Korosho zilizotoka zilikuwa vipande vitupu. Msimamizi wa zamu akauliza nani awezaye kuviweka sawa. Tulikuwa wanagenzi wanne na mafundi wasaidizi wawili, na kila mmoja alitazama chini. Mstari ukasimamishwa kwa siku tatu. Akina mama vibarua, waliokuwa wakimenya utando na kuzichambua korosho, waliambiwa warudi makwao, na kibarua asipofanya kazi halipwi. Nikamwona mmoja wao akifungua kanga alimofunga chakula chake cha mchana, akamgawia mtoto wake pale pale getini, kisha akaondoka. Sijamsahau.

Siku ya tatu msimamizi alinituma hospitali. Fundi alikuwa amelala, macho yamekuwa ya manjano. Nilipomweleza yaliyotokea, alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaniomba nimletee korosho moja iliyokaangwa. Nikawa ninayo mfukoni. Akaipasua kwa kisu cha kumenyea machungwa, akazishika nusu mbili za ganda kwa vidole vinavyotetemeka, akanionyesha kwa ukucha wake mahali kisu kinapopaswa kuishia, jinsi ya kulegeza kwanza upande wa kulia, na jinsi ya kusikiliza. Naam, kusikiliza: kisu kilichokaa sawa kina mlio wake, na kilichozidi kina mlio mwingine.

"Nami nilifundishwa hivyo hivyo," aliniambia, "kwa kuiba kwa macho. Nikadhani ndivyo kazi inavyorithiwa."

Kesho yake nilivikaza visu mwenyewe. Trei ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Ya pili ilikuwa nafuu. Kufikia alasiri korosho nzima zikawa nyingi kuliko zilizovunjika. Fundi alipopona na kurudi kazini, alisimama ubavuni pangu. Tangu siku ile hadi tulipoachana sikuuona tena mgongo wake wakati wa kuweka visu.

Ndugu msomaji, sitaki ufikiri kwamba mambo yaliishia kwenye neema. Korosho zilikuwa zikipungua mashambani. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Mashamba mengi yaliachwa mbali wakati watu walipohamishiwa katika vijiji miaka ya 1970, bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, na ubwiriunga ukaikausha maua mikorosho. Vipuri navyo vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Viwanda vikakosa malighafi. Kimoja baada ya kingine vikafunga milango, na baadaye baadhi ya majengo yake yakageuzwa maghala.

Siku kiwanda chetu kiliposimama, nilitoka na sanduku la spana na barua ya kuhudumu. Kiwanda kilibaki na mashine. Mimi nikabaki na mikono. Wenzangu walitawanyika: mmoja alikwenda kwenye pampu za maji, maana huko juu Newala ardhi ni ya kichanga, mito haipo, na tangu miaka ya 1950 maji hupandishwa kwa mitambo kutoka mabondeni, mwingine akawa fundi wa malori, mimi nikashika mashine za kusaga hapa Masasi, na kwazo nikasomesha watoto. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukutana tena na kile kisu cha kubangulia. Lakini sote tuliondoka na lile jicho la kuona mwanga chini ya skwea, na sikio la kusikia chuma kinapolalamika. Mali ya mwanagenzi ni hiyo. Huipati usipofundishwa, na ukishaipata mwajiri akifilisika hawezi kuondoka nayo.

Basi Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Newala. Tuliviacha nyuma vilima vya mawe vya Masasi, tukakwea ukingo wa uwanda, mikorosho ikatupokea pande zote mbili za barabara. Nilikwenda moja kwa moja karakana bila kumwarifu mtu.

Mpwa wangu alikuwa kwenye mashine ya kunolea, cheche zinaruka, macho makavu bila miwani. Aliponiona aliizima, akaja kunishika mkono. "Shikamoo mjomba." Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani.

Nikamwambia, "Nionyeshe kitu kimoja ulichokifanya kwa mkono wako mwenyewe."

Akaingia ndani, akatoka na jozi ya visu vya mashine ndogo ya kubangulia, ile inayoendeshwa kwa mkono na mguu. Nilivipokea nikavipeleka kwenye mwanga. Nitasema kweli, moyo wangu ulifurahi. Vilikuwa vimenyooka, kingo zake safi, pembe zimetulia. Huyu hakuwa mfagiaji. Nikamwuliza, "Pengo kati ya visu hivi ni kiasi gani?"

Akainama. "Kipimo anacho bosi, mjomba. Mimi nikishanoa, yeye huvichukua ndani akavifunga."

Ndugu msomaji, nilisikia kama nimeuona ule mgongo tena, baada ya miaka zaidi ya 40.

Mwenye karakana ni kijana wa makamo, mchapakazi, na alinipokea kwa heshima. Alinivutia kiti, akaagiza chai. Nilipomweleza lililonileta, hakukasirika. Alinijibu waziwazi: "Mzee, nilishamfundisha mmoja kila kitu. Mwaka wa tatu akafungua karakana ng'ambo ya barabara ile, akachukua na wateja. Nikimpa huyu kipimo, nitakula nini?"

Hilo si neno la kudharau. Ni haki ya mtu kuogopa kunyang'anywa riziki kwa jambo alilolifundisha mwenyewe. Lakini nilimsimulia habari za Novemba 1982, siku tatu za mstari uliosimama, na ganda la korosho kitandani hospitalini. Kisha nikamwuliza: "Wewe ukilazwa msimu wa korosho utakapoanza mwezi Oktoba, nani atafunga visu vya wateja wako?" Akakoroga chai yake muda mrefu, hali sukari ilikwisha kuyeyuka.

Tulizungumza hadi adhuhuri. Sikumtisha kwa sheria, ingawa zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na miwani ya kukinga macho ni nafuu kuliko jicho. Tangu sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974, kisha ile ya mwaka 1994 iliyounda VETA, taifa limekubali kwamba ufundi ni elimu kamili, yenye mitihani na vyeti vyake. Mwaka 2017 Serikali ikatoa mwongozo wa uanagenzi, unaotaka mafunzo ya kazini yaende sambamba na ya darasani, na mwanagenzi awe na mkataba. Tena VETA huwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunzia mitaani.

Mwishowe tuliandika karatasi moja. Kwanza, kazi atakazofundishwa katika mwaka wa tatu zimetajwa kwa majina, na kufunga visu na kupima pengo kumo. Pili, miwani na glavu zitolewe, zisifungiwe kabatini. Tatu, kwa kila mashine atakayoikamilisha mwenyewe, apate fungu dogo juu ya posho. Nne, akimaliza aende kupimwa VETA. Na kwa upande wetu sisi jamaa zake tuliahidi kwamba akihitimu, atatumikia karakana ile mwaka mmoja zaidi kwa ujira wa fundi, kabla hajafikiri kujitegemea. Mwenye karakana aliposoma sharti hilo la mwisho, ndipo alipoomba kalamu.

Jioni nilitembea na mpwa wangu hadi Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde kufunguka chini yako kuelekea Mto Ruvuma. Nilimwuliza iwapo anataka kweli kuendelea, maana karatasi ya wazee haina maana ikiwa mwenye mikono hataki. Alikaa kimya kidogo. "Nataka, mjomba. Lakini namwonea haya mama. Yeye ndiye anayenilisha."

Hapo ndipo nilipogundua tulichokuwa tumekisahau katika karatasi yetu. Husemwa kwamba kijana anajifunza kazi; hausemwi mfuko unaolipia. Mama yake amekuwa akiulipia uanagenzi ule kwa unga, kwa sabuni na kwa aibu mbele ya jirani, na hakuna mkataba uliomtaja. Basi nilimwambia dada yangu kwamba tangu mwezi huu unga wa nyumba ile ni juu yangu hadi mtoto ahitimu. Ni wajibu wa mjomba, na nilichelewa kuutimiza.

Mzazi mwenzangu, ikiwa mwanao ni mwanagenzi mahali popote, iwe kiwanda kikubwa cha mjini au karakana ya mabati matatu, usimwulize kwanza analeta shilingi ngapi. Mwulize: Ni kitu gani unaweza kukifanya leo ambacho miezi sita iliyopita hukukiweza? Nani anasimama ubavuni mwako unapokifanya? Macho na mikono yako inakingwa na nini? Akikosa jibu kwa maswali yote matatu, nenda ukazungumze na mwajiri wake, na ikiwa hasikii, mwondoe. Kijana wako anatumiwa. Akijibu hata mawili, mvumilie, na umsaidie kulipata la tatu.

Nawe fundi mwenye siri, leo nchi yetu inavuna korosho nyingi kuliko enzi zile. Msimu wa 2017/18 zilipita tani 300,000. Hata hivyo sehemu kubwa bado imekuwa ikiuzwa ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam. Tukitaka zibanguliwe Masasi na Newala, haitoshi kununua mitambo. Tulikwisha kuinunua zamani. Itahitaji mikono mingi inayoijua ile milimita moja.

Dada yangu, nikiri, hajaridhika bado. Aliposoma karatasi yetu alisema, "Haya, kaka. Tutaona mwaka ukiisha." Lakini Jumatano iliyopita alinipigia simu kunieleza kwamba mtoto amerudi nyumbani amevaa miwani kichwani, amesahau kuivua, na watoto wa mtaani wakamfuata wakimcheka hadi mlangoni. Nilisikia kwamba naye alikuwa anacheka.